Kwenda Mbio Si Kufika, Hata Likizoni

Wahenga walituachia usemi kwamba kwenda mbio si kufika. Usemi huo nimeufunza darasani kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeuandika ubaoni, nimewatungia wanafunzi maswali juu yake, na wale walioshindwa kuufafanua nimewanyima alama bila huruma. Lakini kusema kweli, maana yake kamili sikuipata ubaoni wala vitabuni. Niliipata mwezi wa Agosti 2018, nikiwa nimeketi kwenye roshani ya hoteli moja katika jimbo la Florida, Marekani, kando ya mama yangu mzazi aliyekuwa amevimba miguu, sote wawili tukimtazama twiga akila majani.

Naomba msomaji anivumilie nieleze jinsi tulivyofika huko, kwa kuwa mshahara wa mwalimu haufiki Florida. Ndugu yangu wa kike ni muuguzi katika jimbo la Georgia, na huko ndiko alikopata watoto wake watatu, ambao wakati ule walikuwa na umri wa miaka 11, 8 na 5. Kwa muda wa miaka miwili aliweka akiba ili amlete mama awaone wajukuu wake, na mimi nikateuliwa kumsindikiza mzee wetu kwa kuwa hakuwa amepata kupanda ndege. Kilele cha ziara hiyo kilikuwa siku tano katika eneo la Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando.

Wengi wetu tumelisikia jina hilo. Eneo lenyewe lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na leo lina bustani kubwa nne za burudani, zikizungukwa na hoteli nyingi. Kiingilio cha bustani moja kwa siku moja, wakati tulipokwenda, kilizidi dola 100 kwa mtu, yaani zaidi ya shilingi 10,000 za Kenya kwa thamani ya fedha zetu mwaka ule. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wageni wakimbie. Aliyelipa kiasi hicho hujiona mpumbavu akiketi chini hata kwa dakika tano.

Ndugu yangu alikuwa ametayarisha ratiba, na ratiba yenyewe, walimu wenzangu, ingemwonea wivu mwalimu mkuu yeyote wa shule ya bweni. Kuamka saa kumi na mbili. Kiamshakinywa saa kumi na mbili na nusu. Kituo cha basi saa moja. Baada ya hapo kila mchezo na saa yake, kila onyesho na dakika zake, hadi saa tatu za usiku. Siku tatu za kwanza zilijaa hivyo kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Siku ya nne, kwa sababu tiketi za siku tatu ndizo mfuko wake ulizoweza kumudu, alikuwa ameandika maneno mawili tu: hakuna kitu. Siku ya tano ilikuwa ya safari ya kurudi Georgia.

Sitaki nionekane mtu asiye na shukrani. Bustani zile zina maajabu yake, na watoto walifurahi. Lakini ukweli lazima usemwe. Tulisimama foleni dakika sabini chini ya jua kali la Agosti ili tupande chombo ambacho safari yake ilikwisha kwa dakika tatu. Mtoto wa miaka mitano alilia kila siku ifikapo saa tisa alasiri, wala halikuwa kosa lake. Mama alikuwa amekodishiwa kiti cha magurudumu, na alipoulizwa jioni aliona nini, alijibu kwa upole, "Nimeona migongo ya watu." Hata katika bustani ya wanyama, ambako kuna kijiji cha kuigiza kiitwacho Harambe, ambacho wabunifu wake walichota mfano kutoka mji wetu wa Lamu, sikupata nafasi ya kumweleza mpwa wangu yeyote kwamba neno hilo sisi huliandika kwa herufi "e" mbili mwishoni na kwamba lina historia ndefu katika ujenzi wa taifa letu. Gari la kutazamia wanyama lilikuwa likingoja. Tulipanda, tukatikiswa, twiga akapita upande wa kushoto, mtu akapiga kelele, na kabla mama hajageuza shingo twiga akawa amekwisha kupita.

Jioni ya siku ya tatu miguu ya mama ilikuwa imevimba mithili ya mihogo. Ndugu yangu aliinama akamvua viatu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, kesho nisameheni. Kesho sina chochote cha kuwaonyesha."

Naam, ni hiyo kesho ninayotaka kuizungumzia.

Hoteli tuliyokaa inaitwa Animal Kingdom Lodge, na ilifunguliwa mwaka 2001. Imejengwa kwa mtindo wa boma, ikiyapindia mikono malisho wanamochungwa twiga, punda milia, swala na wanyama wengine wasiokula nyama. Simba hawamo. Wao wamewekwa katika bustani yenyewe, mbali na swala wa watu. Mgeni mwenye chumba kinachoelekea malishoni anaweza kuketi kwenye roshani yake akawatazama wanyama kutwa kucha bila kulipa senti ya ziada. Nasi siku tatu tulikuwa tumekilipia chumba hicho, tukakitumia kwa kulala tu.

Tena hoteli hiyo imejaa Kiswahili. Jengo moja linaitwa Jambo House na jingine Kidani Village. Mikahawa yake inaitwa Boma, Jiko, Sanaa na Mara. Duka la kumbukumbu linaitwa Zawadi, na bwawa moja la kuogelea linaitwa Samawati. Nilijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya mgeni akakuta picha za ukoo wake ukutani.

Asubuhi ya siku hiyo isiyo na kitu hakuna aliyeamshwa. Mama aliamka alfajiri kama kawaida yake, akaingia katika jiko dogo la chumbani, akachemsha maji na maziwa na majani ya chai kwenye sufuria moja, chai ya nyumbani. Harufu ile ndiyo iliyowatoa watoto kitandani, mmoja baada ya mwingine, wakatoka kwenye roshani wakiwa na nguo zao za kulalia. Twiga alikuwa amesimama hapo chini, si mbali na sisi.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Sisi ni watu wa Taita, na zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya hifadhi za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Wanyama wa pori kwetu ni majirani wa kupakana, tena majirani wasiobisha hodi. "Huyu," mama akasema, "miaka yote nimemwona kwa kisogo, akikimbia au mimi nikikimbia. Leo ndiyo mara ya kwanza tunatazamana."

Mama yangu alikuwa na umri wa miaka 74. Alikuwa amevuka bahari ili aketi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, amtazame kwa utulivu mnyama aliyezaliwa karibu naye. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Ni wangapi miongoni mwetu wanaoishi mpakani mwa mbuga wakaingia ndani yake kama wageni wa heshima, wakaketi, wakapewa chai?

Kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, tulikaa. Na kwa kuwa tulikaa, watoto walianza kuona. Yule wa miaka 8 ndiye aliyegundua kwamba twiga anapotembea huinua miguu miwili ya upande mmoja karibu pamoja, kisha miwili ya upande wa pili. Hakuna aliyemwambia. Aliona mwenyewe baada ya kutazama kwa nusu saa. Mkubwa alianza kuchora michirizi ya punda milia, akalalamika kwamba kila mmoja ana yake, hakuna wawili wanaofanana. Kijana mmoja mfanyakazi wa hoteli, mzaliwa wa Botswana, alipotukuta baadaye kwenye ukumbi, aliwaambia kwamba shingo ya twiga, pamoja na urefu wake wote, ina pingili saba za mifupa, idadi ile ile iliyo katika shingo ya binadamu. Watoto walishikashika shingo zao wakizihesabu. Mwalimu gani hangependa somo la namna hiyo? Halikuwa na kengele, halikuwa na mtihani, na hakuna aliyesinzia.

Kisha tukafanya ziara ya maneno. Niliwapa wapwa wangu kalamu na karatasi, tukazunguka hotelini tukisoma majina. Kwamba sanaa ni ufundi wa kuumba vitu vizuri. Kwamba jiko ni mahali pa kupikia, na kwamba nyumbani kwetu kijana akioa husemwa kuwa amepata jiko, jambo lililomkasirisha sana ndugu yangu kwa niaba ya wanawake wote, tukacheka. Kwamba kidani ni pambo la shingoni. Kwamba samawati ni rangi ya mbingu. Yule mdogo aliuliza kwa nini bibi yake anaitwa nyanya ilhali nyanya ni tunda la kutia katika mchuzi. Nilimjibu kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wenye mapenzi, humpa bibi jina la kitu ambacho mapishi hayakolei bila yake. Sijui kama wataalamu wa isimu watanikubalia, lakini mtoto alikubali.

Mchana watoto waliogelea. Mama alikaa ukingoni akatumbukiza miguu yake iliyovimba ndani ya maji, na wajukuu wakawa wanapishana kuja kuikanda. Hapo ndipo vitendawili vilipoanza. Watoto wale hawakijui Kiswahili vizuri, na mama hakijui Kiingereza. Siku tatu nzima walikuwa wakitabasamiana tu kama watu wanaosubiri basi moja. Lakini kitendawili hakihitaji maneno mengi. Mama alisema, "Kitendawili!" Akawafunza waitikie, "Tega!" Akatega, "Kila niendapo ananifuata." Walijaribu twiga, wakajaribu mbwa, wakajaribu mama yao, wakashindwa. Akawaambia wampe mji. Wakampa Nairobi, akaukataa. Wakampa Atlanta, akaukataa pia. Mdogo akapaza sauti, "Orlando!" Mama akakubali. "Nimekwenda Orlando," akasema, "nikakuta foleni, nikasimama mpaka jua likazama, na nilipogeuka nikaona aliyekuwa amesimama pamoja nami bila kuchoka ni kivuli changu."

Ndugu yangu alicheka hadi machozi yakamtoka. Nadhani hayakuwa machozi ya kicheko pekee.

Usiku paliwashwa moto nje, na watoto wakapewa vijiti wachome peremende laini nyeupe ambazo Wamarekani hupenda kuzichoma. Tulikaa kuuzunguka moto kama tulivyokuwa tukikaa nyumbani. Mjukuu mkubwa akamuuliza bibi yake, nami nikatafsiri, iwapo aliwahi kuwaogopa wanyama. Mama akasimulia. Akasema kwamba mwaka 1984, mwaka wa ule ukame mkubwa, ndovu waliingia shambani usiku wakamaliza mahindi machache yaliyokuwa yamesalia. Asubuhi alilizunguka shamba lake, akarudi nyumbani, akaitwika cherehani yake kichwani, akaipeleka sokoni kuiuza ili mwanawe wa kwanza asirudishwe nyumbani kwa karo.

Mwana huyo wa kwanza ni mimi. Nilikuwa katika shule ya upili wakati huo. Niliporudi likizoni niliiulizia cherehani, nikaambiwa imeharibika, na kwa miaka thelathini na minne niliamini hivyo. Ndugu yangu, ambaye alikuwa akiwatafsiria watoto wadogo, alinyamaza katikati ya sentensi. Mkubwa akauliza, "Nyanya amesema nini?" Hakuna aliyemjibu kwa muda.

Sasa nawauliza, wasomaji wangu: habari hiyo ingesemwa lini? Ingesemwa katika foleni? Ingesemwa ndani ya chombo kinachokwenda kasi huku watu wakipiga mayowe? Mama alikuwa na miaka thelathini na minne ya kuisema, na hatukuwahi kukaa kitako kwa muda wa kutosha ili itoke yenyewe. Mazungumzo ya maana hayaitwi yakaja. Huja yenyewe yanapoona watu wametulia, kama swala wanavyokuja kunywa maji wanapoona hapana vurugu.

Yamkini kuna msomaji anayesema kwamba mwalimu huyu anatusimulia anasa za Marekani ilhali sisi tunatafuta unga. Hoja hiyo ni ya haki, nami naijibu hivi. Katika siku zile nne, siku iliyogharimu fedha kidogo kuliko zote ndiyo iliyotupa zaidi. Chai, vitendawili, maji ya kutumbukiza miguu, moto na hadithi ni vitu vilivyoko Wundanyi, viko Kakamega, viko Garissa. Kilichokuwa Florida na hakiko kwetu si twiga. Ni ile ratiba iliyoandikwa "hakuna kitu" na watu wazima wakakubali kuitii.

Mwingine atasema kwamba aliyelipa hana budi kupata thamani ya fedha zake. Huyo namkumbusha kwamba mtaka yote hukosa yote. Ndugu yangu alilipia siku tatu za bustani ili mama yake na watoto wake wajuane, na kujuana kukatokea siku ambayo hakuilipia kiingilio. Sisemi kwamba bustani zisitembelewe. Nasema kwamba mbio za siku tatu zilihitaji siku moja ya kukaa ili ziwe na maana, kama chakula kinavyohitaji muda tumboni kabla ya kingine kuongezwa.

Hapa ndipo ninapopaswa kujinyoshea kidole mwenyewe. Mwaka 1997 niliongoza ziara ya wanafunzi hadi Mombasa. Niliipanga kwa bidii ya kijana. Katika siku moja tulipangiwa kuona Ngome ya Yesu, bandari, kivuko cha Likoni, bustani ya wanyama ya Bamburi na kiwanda kimoja. Wanafunzi walikimbizwa kutoka mlango hadi mlango wakiandika tarehe kwenye madaftari. Tuliporudi niliwatungisha insha kuhusu ziara hiyo. Insha arobaini zilifanana kama matofali: tulifika, tuliona, tulifurahi sana. Insha moja tu ndiyo iliyokuwa na uhai. Aliyeiandika aliiacha Mombasa yote, akaeleza saa tatu ambazo basi letu liliharibikia karibu na Mariakani, tukakaa chini ya mwembe, na mama mmoja muuza madafu akatueleza jinsi mgema anavyopanda mnazi na jinsi anavyojua kwa kugonga dafu kwa ukucha kama maji yake yamekomaa. Nilimpa kijana yule alama chache kwa kosa la kutoka nje ya mada. Leo nakiri hadharani kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa ndani ya mada. Aliyetoka nje ni mwalimu.

Tunawafanya nini watoto wetu wakati wa likizo? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, inakataza mwanafunzi kufanyiwa masomo ya ziada wakati wa likizo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unamtambulia mtoto katika kifungu chake cha 31 haki ya kupumzika, kuwa na wasaa na kucheza. Maandishi hayo ni mazuri. Lakini sote twajua jinsi shule zinavyobuni majina mapya ya kitu kile kile, mara ushauri, mara kambi ya marudio. Na mtoto asipokimbizwa na mwalimu hukimbizwa na mzazi, na asipokimbizwa na mzazi hukimbizwa na simu. Saa ya mtoto kukaa tu, akachoka kukaa, kisha kutokana na kuchoka huko akaanza kutazama na kuuliza, haionekani popote katika ratiba zetu. Tunaiita saa iliyopotea.

Hata familia zenye uwezo, zinazokwenda pwani Desemba, huibeba mbio hiyo ndani ya sanduku. Nimewaona wazazi hotelini wakiwavuta watoto kutoka mashua hadi ngamia, kutoka ngamia hadi magofu ya Gede, kutoka Gede hadi hifadhi ya bahari ya Watamu, na usiku kila mmoja ameinamia simu yake akitazama picha za mahali ambapo hakupata wasaa wa kupaona. Lakini bahari yenyewe iko hapo mlangoni, nayo haitozi chochote. Maji yakipwa, mtoto aachwe atembee kwenye miamba na mzazi wake, waone kaa akijificha, waone kiti cha pweza kimelala mchangani. Apewe kijiti akichomeke mahali maji yalipofika yalipojaa, na aandike saa. Kesho yake arudi. Ataona kwamba maji yamechelewa kwa takriban dakika hamsini, na kesho kutwa tena vivyo hivyo. Atauliza kwa nini. Akiuliza hivyo, amekwisha kuuingia mlango wa sayansi ya mwezi na bahari kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa. Alasiri ikifika, mzee mmoja atandike mkeka kivulini, bao liwekwe katikati, na kete zihesabiwe.

Ninayo basi maombi matatu, nayo si makubwa.

Kwa walimu wenzangu: tunapopanga ziara, tuache alasiri moja tupu kabisa. Tusiijaze hata tukishawishika. Na badala ya kuwarudisha watoto nyumbani na marundo ya maswali, tuwape kazi moja: kila mmoja aje na vitendawili vitano au kisa kimoja alichokisikia kwa mtu aliyemzidi umri kwa miaka arobaini. Kazi hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka kwa jirani wala kununuliwa dukani. Tena itawatafutia wazee wetu wasikilizaji.

Kwa wanafunzi: mnao watu nyumbani walio na habari ambazo hazijaandikwa popote. Msiwaulize kama wapelelezi. Kaeni nao. Chambueni mboga pamoja, oteni moto pamoja, mnyamaze kidogo. Wataanza wenyewe.

Kwa wenye hoteli za kwetu: ikiwa watu wa Florida wameweza kuyapachika maneno yetu kwenye milango yao, na kumweka mtu ukumbini wa kuwaeleza watoto habari za twiga, kwa nini katika hoteli nyingi za pwani mtoto wa Kenya akiuliza cha kufanya huelekezwa penye televisheni? Mwekeeni bao. Mwekeeni mzee wa kusimulia. Ubao wa kuandika neno moja la Kiswahili kila siku pamoja na maana yake haugharimu zaidi ya chaki.

Mama yangu sasa amepita miaka themanini, na kumbukumbu zimeanza kumtoka moja baada ya nyingine. Siku nyingine hunikumbuka, siku nyingine huniita kwa jina la ndugu yake marehemu. Florida ameisahau. Lakini mwaka jana mpwa wangu mkubwa, ambaye sasa ni kijana wa chuo, alikuja kumtembelea. Alikaa naye ukumbini siku nzima, hakuna walichokuwa wakifanya. Jioni nilisikia sauti ya kijana yule ikisema, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mbali, "Kitendawili!" Pakawa kimya. Kisha sauti ya mama, dhaifu lakini bila kusita, ikaitikia, "Tega."

Kijana akatega cha kwake, alichokitunga mwenyewe siku ile ya roshani: "Shingo yake ndefu, lakini mifupa yake sawa na yako." Mama hakukipata jibu. Akaombwa atoe mji, akafikiri kidogo, akampa Wundanyi, na mjukuu wake akaupokea.